Nilijibiwa "Nzuri", Nikapeleka "Yupo"

Msinihurumie. Nasema mapema, kabla hamjaanza kunitafutia sababu. Mimi ni mtu mbaya. Sikuua kwa panga wala kwa sumu. Niliua kwa uvivu wa kushuka kwenye pikipiki!

Jina langu sitoi. Wa Kalenga wanaonijua wanatosha.

Najua mmezoea maungamo ya wake za watu na nyumba ndogo. Haya siyo hayo. Laiti yangekuwa hayo, ningeshatubu nikalala usingizi.

Miaka ile ya sabini nilikuwa mhudumu kwenye hospitali moja ya upande wa Mbeya. Kazi yangu ilikuwa kuwafuatilia wagonjwa waliokwisha kupasuliwa. Nilipewa pikipiki, nikaambiwa nenda Chimala, nenda Rujewa, zunguka Usangu yote, ukaulize kama fulani bado yu hai. Wenzangu walinionea wivu kweli. Mtu unazunguka na pikipiki ya serikali huku wao wanasukuma machela!

Mkuu wangu alikuwa daktari wa upasuaji wa saratani, msomi mkubwa, amerudi kutoka Ulaya na miwani yake na dharau zake. Sisi wahudumu tulimbatiza Bwana Makala, maana neno makala halikumwisha mdomoni. Mpelekee chai, atakuambia ya makala. Mpe pole ya mafua, makala. Sikumpenda wakati ule, na sasa hivi nikimkumbuka tu mate yananikauka.

Nieleze kidogo ili usipotee. Hawa wasomi huandika makala kwenye majarida ya madaktari ya huko nje. Makala ikitoka, madaktari wa nchi nyingine wanaisoma, na wao wakiandika ya kwao wanamtaja mwenzao, kwamba fulani wa kule Tanzania alishaonyesha hivi na hivi. Ndiko huko kunukuliwa. Basi yule bwana aliishi kwa kunukuliwa! Wengine wanahesabu ng'ombe zizini, yeye anahesabu nani kamtaja.

Kulikuwa na kadi za posta. Daktari wa Uhindi au wa Uingereza akitaka nakala ya makala, anatuma kadi kuiomba. Bwana Makala alizibandika zote ukutani ofisini kwake, upande wa stempu ukionekana. Mgonjwa yuko mbele yake anaugulia maumivu, macho ya daktari yako kwenye stempu.

Makala iliyompa jina ilihusu kidonda ndugu. Unakijua, kile kidonda cha mguuni kinachokaa na mtu miaka na miaka, leo kinakauka kesho kinachimbika. Wakulima wa mpunga na wafugaji kule Usangu walikuwa nacho tele. Kingine hugeuka saratani, na kikigeuka, mguu unakatwa. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa.

Bwana Makala akaja na ya kwake. Hakati mguu. Anakichimba kidonda chote, anachukua ngozi ya paja, anabandika, mtu anarudi kwao anatembea. Nani asingependa? Watu walikuwa wanakimbia hospitali wakisikia msumeno, sasa wakaja wenyewe. Hata mimi nilimwona mtu wa maana.

Lakini swali lilibaki moja. Baada ya hapo, mtu anaishi? Au ile saratani imekwishapanda kimyakimya, inamsubiri? Jibu halikuwa hospitalini. Lilikuwa huko vijijini, na mtu wa kulileta nilikuwa mimi.

Sasa sikiliza. Ukifika kwa watu ukauliza habari za hapa, unajibiwa nini? Nzuri. Hata kama ndani kuna maiti, nzuri! Kisha unakaribishwa, unapewa kigoda, unaletewa maji. Mnaulizana mvua, mnaulizana watoto. Mwenyeji anakohoa kidogo, anaangalia chini, ndipo anasema, "Nzuri, ila..." Kwenye hiyo "ila" ndiko kuna habari yenyewe. Msiba hauelezwi kwa mtu aliyesimama. Hilo hakuna asiyelijua, na mimi nililijua kuliko jina langu.

Mwanzoni nilifanya vizuri, haki ya Mungu. Nilikuwa nashuka, nakaa, nakula wali wao. Nikarudi na habari za watu wawili kwamba wamefariki, wote baada ya kuota mitoki kinenani, yale mavimbe yanayoonyesha saratani imepanda.

Jumatatu asubuhi Bwana Makala ananiita, ananitajia majina mwenyewe huku kalamu mkononi. Nikamwambia hawa wawili hawapo. Uso ukamvimba.

"Una uhakika gani? Si malaria hiyo?"

"Wameniambia ni mitoki, daktari."

"Wamekuambia! Wanajua nini hao? Na mbona umekaa huko siku zote hizo? Nimekutuma kazi au nimekutuma kula wali?"

"Daktari, wale watu huwezi kuwauliza hivi hivi, mpaka ukae nao..."

"Mimi nataka majibu. Sitaki hadithi! Yupo au hayupo, basi."

Akanitukana mbele ya wauguzi, jamani. Mbele ya wasichana! Nikatoka pale nimefura, nikajiambia, sawa, unataka yupo? Utaletewa yupo mpaka utapike.

Msije mkasema daktari ndiye mwenye kosa. Nitarudi kwake, bado nina la kumwambia. Lakini pikipiki nilikuwa naiendesha mimi.

Nikaanza mchezo. Nafika nyumba ya mtu, sizimi hata injini. "Hodi wenyewe! Habari za hapa?" "Nzuri, karibu." "Mzee hajambo?" "Hatujambo, karibu ndani." "Asanteni, nina haraka!" Vuu! Nimeondoka. Huyo yupo. Jua halijasimama utosini niko Chimala, nimekaa mahali na pombe yangu ya mahindi, nawachekesha watu.

Halafu ikaja ile operesheni ya kuhamia vijijini. Unafika mahali palipokuwa na miji ya watu unakuta malundo ya majivu na mibono iliyojiotea. Ukimuuliza jirani aliyebaki, anakuambia, "Wale walihamia kule ng'ambo, wazima tu." Kwenda huko ng'ambo nikaona taabu! Wazima tu, basi, wapo.

Kuna mmoja sitamsahau. Mzee Masanja, Msukuma aliyeshuka na ng'ombe zake kutoka kaskazini akaja kukaa karibu na Rujewa. Alipolazwa tulitaniana mno. Alikuwa ananiambia, "Wewe mtoto wa milimani unayekula ndizi na viazi, siku ukija kwangu nitakunywesha maziwa mpaka uombe radhi!" Nikamwambia ng'ombe zake zimekonda kuliko mbuzi wa kwetu. Alicheka mpaka akashika mguu wenye bandeji.

Nikafika kwake. Mkewe akatoka nje. Kichwa kimenyolewa chote, kipara kinang'aa juani, na kitambaa cheusi kimefungwa mkononi.

"Habari za hapa, mama?"

"Nzuri, mwanangu. Karibu. Shuka upumzike."

Niliona! Msije mkasema labda sikuona. Nilikiona kichwa, nikakielewa, na nikajua kabisa kwamba nikishuka nitakaa pale mpaka jioni kulia na mwanamke yule, kisha Jumatatu nitukanwe. Nikasema, "Nina haraka, mama." Nikageuza. Nyuma nikasikia anaita, "Mgeni! Maziwa! Subiri basi maziwa!" Alikuwa ameshachukua kibuyu.

Jumatatu ikafika. "Masanja?" "Yupo, daktari." "Anatembea?" "Anatembea." Bwana Makala akatabasamu kama bwana harusi.

Makala ikatoka. Kadi zikamiminika mpaka ukuta mmoja haukutosha, akaanza kubandika mlangoni. Kila akinukuliwa tulijua, maana siku hiyo hata wafagiaji wanasalimiwa. Mimi jina langu halikuwekwa popote, na unajua nini? Niliona uchungu! Nilinung'unika kwa wenzangu kwamba kazi nimefanya mimi, sifa kala yeye. Mjinga kabisa mimi!

Sasa nakuja pale panaponichoma.

Nina dada, nilikuwa naye. Nitamwita Subi. Aliolewa na Mhehe, akahamia Kalenga, upande wa Iringa. Ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa mgonjwa, ndiye aliyeniombea kwa mumewe nikae kwao nisome. Siku moja jembe lilimkata mguuni akilima. Kidonda hakikupona. Akakifunga kwa majani, akakifunga kwa matambara, miaka ikapita. Mwisho kikaanza kuota nyama kama maua ya koliflawa na kunuka.

Shemeji akanitumia habari, nikaenda. Tukampeleka hospitali kule Iringa. Daktari wa pale alikuwa kijana mpole, mtu mzuri, hata leo sina neno naye. Akapima, akasema imeshakuwa saratani, mguu ukatwe juu ya goti, haraka. Akikatwa sasa, atapona.

Subi akagoma. "Nitapikaje? Nitalimaje? Niruke kwa mguu mmoja kama kunguru? Bora nife!"

Shemeji akambembeleza. Yule mzee ana maneno machache, lakini siku ile alisema mengi. "Mama watoto, nitakuchongea gongo mwenyewe. Maji nitachota mimi. Watu watacheka, acha wacheke." Subi akaanza kulegea, nikamwona. Akaniangalia mimi.

Ndipo yule daktari kijana akakumbuka. "Ngojeni kwanza. Kuna makala." Akaenda akarudi na jarida. Nililijua kabla hajalifungua! Akatusomea, anatafsiri kwa Kiswahili taratibu ili Subi aelewe. Wagonjwa wa Usangu, hawakukatwa miguu, karibu wote wako hai na wanatembea. Akasema imenukuliwa na madaktari wakubwa, huku na huku, siyo maneno ya mtaani. Kisha akanigeukia anatabasamu.

"Si ndiyo hospitali yako hiyo? Unamfahamu huyu bwana?"

"Namfahamu," nikasema.

Subi akanishika mkono. "Mdogo wangu, si wewe ndiye unayezunguka kuwaona hao watu? Niambie. Wapo?"

Ndugu yangu unayesoma, pale Mungu alinipa mlango. Alinifungulia wazi! Ningesema neno moja tu, dada angekatwa mguu, angelia, angezoea gongo lake, leo angekuwa bibi wa wajukuu. Nikafikiria aibu. Daktari ananiangalia, shemeji ananiangalia. Nikajidanganya kwamba labda wengine kweli walikuwa wazima, kwani si walisema nzuri?

Nikamwambia dada yangu, "Wapo."

Akalia kwa furaha. Akanibusu mkono, mimi!

Walimchimba kidonda, wakambandika ngozi. Akarudi Kalenga kwa miguu yake, akapika, akalima, akacheza ngoma harusini. Shemeji alikuwa ananiita mwokozi. Mavuno yaliyofuata hayajaingia ghalani, mitoki ikatokea kinenani, migumu kama mawe ya mto. Tukarudi Iringa. Daktari kijana akaigusa, akaomba radhi.

Tulimzika Kalenga na miguu yake yote miwili.

Nikaenda kwa Bwana Makala nimekonda, nimevaa nguo za msiba. Nikamwambia kila kitu, Masanja, kichwa cha mkewe, pikipiki, dada. Nikamwomba awaandikie wenye jarida, aseme majibu yalikuwa ya uongo, wasiendelee.

Hakuinuka hata kitini.

"Umelewa?"

"Sijalewa, daktari. Watu wamekufa."

"Unajua makala ile imenukuliwa mara ngapi? Unaona huu ukuta? Niwaandikie wote hawa kwamba mhudumu wangu ni mlevi?"

"Ndiyo. Waandikie hivyo hivyo!"

Akacheka kwa pua. "Wewe ni nani? Tafuta jina lako kwenye makala ile. Halipo. Basi huna la kusema humo."

Nilimrukia, sitaficha. Nilizivuta zile kadi ukutani, nikazichana, stempu za dunia nzima zikaanguka sakafuni, mpaka walinzi wakanitoa. Nikafukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Na makala ikaendelea kunukuliwa, kana kwamba Subi hakuzaliwa. Popote ulipo, Bwana Makala, sikusamehe! Ulijua mitoki ni nini kuliko mimi, ukachagua stempu.

Ningeishia hapo ningekuwa nimekudanganya tena. Shemeji bado alikuwa hajui. Nilihamia kwake baada ya kufukuzwa, akanipokea, akanipa shamba la kulima. Nilikula ugali wake mwaka mzima na ulimi nimeufunga.

Siku moja Landrova ikasimama uani. Muuguzi wa Iringa, dada mmoja amevaa nadhifu, hakufungua hata mlango, injini inanguruma. Kumbe yule daktari kijana naye alianza kuandika makala yake, anainukuu ile ya Mbeya, anataka kujua wagonjwa wake wanaendeleaje; muuguzi alipewa majina tu, na kifo cha Subi hatukukipeleka hospitali.

"Habari za hapa, baba?"

Shemeji akainuka, akavua kofia. "Nzuri, mwanangu. Karibu ndani."

"Mama hajambo?"

"Hatujambo. Shuka kwanza, karibu."

"Asante baba, leo nina haraka, naona mko salama." Akamwashiria dereva.

Jamani! Nilitoka jikoni nikipiga kelele, miguu mitupu, nikakamata mlango wa gari linaondoka, likaniburuta kidogo. "Shuka! Shuka ukae! Amekufa! Hukuuliza! Shuka!" Yule dada aliogopa akadhani nina kichaa. Akashuka, akapewa kigoda, akapewa maji. Shemeji akamweleza taratibu, kama inavyotakiwa, mpaka kwenye "ila".

Muuguzi akashangaa. "Mbona ile ya Mbeya wanasema walipona karibu wote? Nani alikuwa anawafuatilia wale?"

Nikasema, "Mimi." Nikayamwaga yote pale pale, nimepiga magoti kwenye vumbi la uani kwao Subi.

Shemeji hakunipiga. Ningefurahi angenipiga. Alimgeukia muuguzi akamwambia, "Mwanangu, ugali uko tayari, utakula kabla hujaondoka." Kisha akaniambia mimi, "Wewe ondoka. Wewe huwa una haraka."

Basi. Hiyo ndiyo habari yangu.

Wewe uliyetumwa kuuliza hali za watu, uwe wa hospitali, wa chama, wa kanisa, nakuomba, zima injini! Kaa. Kunywa maji yao. Kama bosi wako hataki hadithi, mwachie pikipiki yake uende ukalime. Na wewe msomi unayenukuu, unayemnukuu aliyenukuu, kuna siku ulijiuliza ni nani aliyebisha hodi kwenye zile nyumba? Hukujiuliza. Shauri yako!

Mimi kila mwaka naenda Kalenga. Nasikia watoto wa Subi wameoa na kuolewa, nasikia mmoja aliugua sana, nasikia kwa watu njiani, maana nyumbani kwao siambiwi. Nasimama uani, nabisha hodi. Shemeji anatoka na kofia yake, sasa mzee kabisa.

"Habari za hapa, shemeji?"

"Nzuri."

Nasubiri. Nasubiri mpaka jua linanichoma kisogo. Kigoda hakiletwi, na mlango unafungwa.